Ofisi imesema inaenda ajaili, sasa ndo nini hiyo?

Wiki mbili hizi nimeulizwa swali moja na watu wawili ambao hawakuambizana. Wa kwanza ni binti ya shangazi yangu, anafanya kazi ofisi moja hapa mjini Lamu, siitaji manake bado anahitaji mshahara wake. Kanitumia picha ya tangazo walilobandikiwa mlangoni: kuanzia mwezi ujao shughuli zote zitaendeshwa kwa mfumo wa ajaili, wafanyakazi watapangwa kwenye timu ndogo ndogo, na wakuu wa idara watapewa majukumu mapya. Yeye alichokisoma pale ni kimoja tu, wanatufukuza. Wa pili ni ami yangu, yuko barazani na wenzake pale Mkunguni mbele ya ngome, kaniona napita akaniita, "Ndoo uketi utwambie, hii ajaili ni mashine au ni madhehebu?" Mmoja akadai ni programu ya simu, mwingine kasikia kwa mwanawe alioko Nairobi kwamba ni kule kusimama kila asubuhi kama watoto wa shule wakiitwa majina, wa tatu akasema ni Kizungu cha kupunguza watu, na huyo wa tatu ndo aliyesikilizwa zaidi.

Mimi kabla sijarudi nyumbani nilikaa Mombasa miaka kadhaa nikiongoza timu za watu wa programu za kompyuta, na nimeharibu vya kutosha kiasi cha kuweza kueleza. Nikaagiza kahawa tungu nikakaa. Haya ndo niliyowaambia, na nimeongeza yale ambayo kahawa iliisha sijayafikia.

Tuanze na neno lenyewe. Ajaili kwa Kiingereza ni sifa ya kiumbe mwepesi wa kugeuka, mfano paka wetu hawa wa vichochoroni, umemrushia kitu kashahama na bado anakutazama. Sikusema mwenye mbio, nimesema mwepesi wa kugeuka, na hapo ndo nusu ya watu wanapotea. Kwenye kazi maana yake ni hivi: unafanya kipande kidogo cha kazi mpaka kiishe kweli, unakipeleka kwa yule atakayekitumia, unamsikiliza, halafu ndo unaamua kipande kinachofuata. Bas. Na mageuzi ya ajaili ni pale ofisi nzima inapoacha namna yake ya zamani ya kupanga na kuamua ikajaribu kuishi hivo. Hayo ni mambo mawili msiyachanganye, la kwanza unaweza kulielewa kabla kikombe hakijapoa, la pili linakula miaka na watu wengi hawafiki.

Ami yangu ujanani alikuwa baharia, enzi za tanga kabla kila chombo hakijatiwa mashine, kwa hiyo nikamwuliza yeye: kusi likivuma, ukitoka hapa kwa tanga unakwenda Shela, unapiga moja kwa moja? Akanitazama kama nimerukwa na akili. Haiwezekani, upepo unatoka huko huko unakokwenda, lazima ubishe. Yaani unaukata mkondo kwa mshazari mpaka karibu na Manda, kisiwa cha ng'ambo, unageuza, unakata tena kurudi upande wa Lamu, unageuza tena, na kila mkato unakupandisha kidogo, na kila ukifika mwisho wa mkato unatazama: maji yanajaa au yanapwa, upepo umehama, tumesogea au tumerudi nyuma? Shela haijahama, iko pale pale, ila njia ya kufikia hakuna aliyeijua nzima nzima wakati mnang'oa nanga.

Nikamwambia ami, hiyo ndo ajaili, ushaijua kabla ya waliokuja na tangazo. Mkato mmoja ndo wanaouita sprinti, wiki mbili hivi za kazi kwa timu nyingi. Kutazama mwisho wa mkato ndo kile kikao cha kumwonyesha mteja kilichokamilika na kujiuliza tumekwendaje. Hapo ami akauliza swali ambalo kwenye mafunzo ya hoteli kubwa sijawahi kulisikia: mbona wiki mbili, mbona isiwe siku mbili, kama kugeuka ndo kuzuri? Tukalijibu pale pale kwa chombo. Kugeuza jahazi si mchezo, foromali, ule mti unaoshika tanga, ihamie upande wa pili wa mlingoti, watu wote mnashughulika, na kwa muda huo chombo hakisogei. Ukigeuza geuza ovyo utakesha ukigeuza. Lakini mkondo wetu huu ni mwembamba, usipogeuza mapema unapanda mchanga wa Manda, wakati kule bahari kuu unaweza kushika mkato mmoja siku nzima. Kwa hiyo urefu wa sprinti unatokana na wembamba wa mkondo: kazi ambayo hujui mteja atasema nini, kata fupi, kazi unayoifahamu, kata ndefu. Kiongozi anayewaambia watu wiki mbili kwa sababu kasoma wiki mbili, huyo hajatazama maji.

Sasa ajaili ilikuja kuondoa nini? Ilikuwepo, na bado ipo, njia ya kupanga kila kitu mwanzo: mnaandika mahitaji yote ya mteja, mnafunga, mnachora, mnafunga, mnatengeneza, mnajaribu, halafu baada ya mwaka na nusu mnampelekea mteja, yeye anasema ahsanteni lakini biashara yangu imebadilika. Njia hii huitwa maporomoko ya maji, kwa sababu ukishashuka hatua huwezi kupanda tena. Kuna kichekesho humo ndani. Mchoro maarufu wa njia hii unatoka kwenye makala ya mwaka 1970 ya Mmarekani mmoja, Winston Royce, na yeye baada ya kuuchora tu akaandika kwamba kuifanya kazi hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Watu wakachukua mchoro wakaacha maneno, jina la maporomoko wakalitia wengine baadaye, na miaka mingi ofisi zikaendeshwa kwa picha ambayo mchoraji mwenyewe aliionya.

Waliochoka na hali hiyo walikutana Februari 2001 kwenye hoteli ya watu wa kuteleza juu ya theluji, mahali panaitwa Snowbird jimbo la Utah kule Marekani, watu 17, wakatoka na tamko fupi mno. (Mwaka ule ule wa 2001 ndo mji wetu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, haihusiani kabisa lakini mimi inanisaidia kukumbuka.) Tamko lina mambo manne: watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na vifaa, programu inayofanya kazi kuliko makaratasi mengi, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba, na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Na chini yake wakaweka sentensi ambayo hakuna anayeisoma, kwamba hata hayo ya upande wa pili yana thamani, ila haya ya upande wa kwanza wanayathamini zaidi. Kwa hiyo akija mtu akakwambia ajaili ni kufanya kazi bila mpango wala maandishi, huyo hakulimaliza tamko, na halifiki hata nusu ukurasa.

Maneno mengine nitayapitisha haraka. Skramu ni namna moja tu ya kufanya ajaili, jina limetoka kwenye mpira wa ragbi, pale wachezaji wanapokumbatiana vichwa chini wakasukumana. Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, walilitumia mwaka 1986 kufananisha timu zilizokuwa zikitengeneza bidhaa mpya kwenye kampuni kama Honda na Canon, halafu Ken Schwaber na Jeff Sutherland wakaja kuieleza skramu ya watu wa programu mwaka 1995. Timu inatakiwa iwe ya watu kumi au pungufu, sprinti isizidi mwezi, na stendapu, kile kikao cha kila siku, isizidi dakika 15. Kuna mtu mmoja anayeamua kipi kifanywe kwanza, wanamwita mwenye bidhaa, na kuna mwingine kazi yake ni kuhakikisha timu haizibiwi njia, huyu si bosi ingawa ofisi nyingi humfanya karani wa bosi. Hayo yanatosha.

Kanbani, namna nyingine ya kufanya ajaili, ndo napenda kuieleza zaidi, kwa sababu kila mwenye fundi cherehani keshaumia kwa kukosekana kwake. Mnajua mambo ya kabla ya Idi. Fundi anapokea vitambaa vyote vinavyoletwa, hakuna anayekataliwa, kanzu, gauni, vya watoto, kila mtu anaambiwa njoo kesho. Ukiingia dukani unakuta nguo arubaini zote zimekatwa, zote zimeshonwa upande mmoja, hakuna hata moja inayovalika. Fundi si mvivu, tena hajalala siku tatu, ila kazi zake zote ziko njiani na hakuna iliyofika. Kanbani inamwambia hivi: weka ubao ukutani, onyesha zipi zinasubiri, zipi ziko kwenye cherehani, zipi zimeisha, na ujipangie kwamba kwenye cherehani hazizidi tatu. Ya nne haiingii mpaka moja itoke. Unaonekana umepunguza kazi na kumbe nguo zinatoka nyingi zaidi, na yule aliyeambiwa hapana mapema akaenda kwa fundi mwingine hakukulaani usiku wa Idi. Neno lenyewe ni la Kijapani, maana yake ubao au alama. Lilitoka Toyota, Taiichi Ohno ndo aliyeijenga, na wazo alilipata kwenye masupamaketi ya Marekani ambako rafu inajazwa kile tu mteja alichokiondoa. Nikiona ofisi ina miradi 22 na watu 9 huwa sihitaji kuuliza zaidi, namkumbuka fundi.

Haya, mpaka hapo ni rahisi. Ugumu uko kwa anayeongoza.

Nawasimulia yangu. Kampuni niliyokuwa Mombasa ilitangaza ajaili kama hivi hivi, nikapewa timu ya watu wanane, tulikuwa tunatengeneza programu ya kuwasaidia wenye maduka kuweka hesabu za stoo na mauzo. Nikanunua ubao, nikanunua vile vikaratasi vya njano vya kubandika, kila saa tatu asubuhi stendapu. Mimi nasimama mbele na daftari, kila mmoja ananieleza jana kafanya nini na leo atafanya nini, mimi naandika. Dakika 15 zikawa 40. Wiki ya pili kila mtu kazi yake iko asilimia tisini, wiki ya tatu bado tisini, hiyo kumi iliyobaki haikuwa inaisha wala haikuwa inaelezeka. Na mimi nilikuwa na furaha, walahi, ubao umejaa rangi, wakubwa wakipita wanapiga picha.

Mwezi wa pili ndo tukampelekea mteja, mzee mwenye duka la jumla. Akatazama grafu, akatazama ripoti, akasema nzuri, sasa wale ninaowapa mali kauli nawaandika wapi? Kimya. Nusu ya biashara ya mzee yule ilikuwa mali kauli, watu wanachukua bidhaa kwa neno lao wanalipa wakishauza, na programu yetu ilikuwa inajua fedha taslimu tu, haina mahali pa mtu anayechukua leo akalipa baada ya wiki tatu. Miezi miwili tumechora grafu.

Njiani kurudi ofisini mdogo kuliko sote kwenye timu, binti aliyemaliza chuo juzi juzi, akaniambia taratibu kwamba yeye alilijua hilo tangu wiki ya kwanza, babake ana duka. Nikamwuliza mbona hukusema, kila asubuhi si tunasimama pale? Akasema, "Ulikuwa unaandika. Nikadhani ukiandika unapeleka juu."

Jibu hilo limenifunza kuliko cheti chochote. Nilidhani nimeleta ajaili kumbe nimeleta gwaride la kila asubuhi. Vikaratasi vilikuwepo, sprinti zilikuwepo, kitu kimoja tu hakikuwepo, mtu kuweza kusema jambo baya mapema bila kulipia. Kuna profesa wa Harvard, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alikuwa akichunguza makosa ya dawa kwenye hospitali, akitegemea kwamba timu nzuri za wauguzi zitakuwa na makosa machache. Namba zikamjia kinyume, timu nzuri ndo zilizoripoti makosa mengi. Alipofuatilia akaona huenda hawakosei zaidi, ila wao wanayasema, na kwenye timu nyingine makosa yanafichwa. Kwenye makala yake ya 1999 akaliita jambo hilo usalama wa kisaikolojia, mimi nikilieleza barazani nasema ni pale ambapo mdogo anaweza kumwambia nahodha mbele kuna mwamba bila kuambiwa nyamaza we mtoto.

Kwa hiyo nikarudi nikaanza upya na niliyoyabadilisha yalikuwa madogo mno hata aibu kuyataja. Daftari nikaliacha mezani. Nikaacha kusimama mbele, nikasimama na wenzangu kwenye duara, na tukawa hatupiti mtu mmoja mmoja tena, tunapitia kazi iliyoko ubaoni kuanzia ile iliyo karibu kuisha: hii imekwama wapi, nani anaweza kuisukuma leo. Na mimi nikawa wa kwanza kusema kosa langu la wiki. Mara ya kwanza walinitazama kama mtego, ikachukua kama wiki sita ndo mtu wa pili akathubutu. Wiki sita! Kwa hiyo mkisikia ofisi imefanya mageuzi kwa semina ya siku mbili, chekeni tu.

Halafu kuna masahihi, hili watu hawalisemi kabisa. Timu yangu ikishaamua jambo asubuhi, kununua hata kitu cha shilingi elfu mbili kulihitaji sahihi tatu, na mwenye sahihi ya tatu alikuwa anasafiri. Sprinti ya wiki mbili, sahihi za wiki tatu. Hapo unaweza kusimama kila asubuhi mpaka miguu ivimbe, chombo hakiendi. Mageuzi yanayoanzia kwa watu wa chini na kuacha masahihi ya watu wa juu vile vile yalivyokuwa, hayo ni kumwambia baharia abishe huku tanga umelifungia ghalani. Ndo maana mimi nikiulizwa na kiongozi aanzie wapi, simwambii ubao wala mafunzo, namwambia taja uamuzi mmoja ambao leo ni wako na kuanzia kesho ni wa timu, utaje mbele yao, na wakiamua vibaya mara ya kwanza usiunyakue.

Na msimsahau meneja wa katikati. Huyu kila mtu anamlaumu kwamba ndo anayepinga, na kweli hubisha, lakini mtazame alipo: miaka kumi na tano thamani yake ilikuwa kujua kila mtu anafanya nini na kutoa ruhusa, leo anaambiwa timu itajiamulia, na hakuna aliyemwambia yeye sasa atakuwa nani. Tangazo la ofisi ya binti ya shangazi yangu linasema "majukumu mapya" halafu nukta. Mimi pia ningebisha. Kiongozi mwenye akili huwaita hawa kabla ya tangazo, anawaambia wazi kilichobaki mikononi mwao, kukuza watu, kugombania bajeti, kuondoa vikwazo ambavyo timu haivifikii, na yule ambaye hataki anaambiwa ukweli mapema.

Sasa hofu yenyewe ya kufukuzwa. Wenzangu wa hizi kazi hupenda kusema huo ni uvumi, ajaili haihusiani na kupunguza watu. Siwezi kusema hivyo. Benki ya ING kule Uholanzi mwaka 2015 ilipogeuza makao yake makuu kuwa timu ndogo za ajaili, maelfu ya wafanyakazi waliambiwa waombe upya nafasi kwenye mpangilio mpya, na wengi hawakurudi walipokuwa. Kwa hiyo binti ya shangazi hakuwa mjinga. Ajaili yenyewe haimfukuzi mtu, hakuna hata neno moja kwenye lile tamko linalosema hivyo, lakini kampuni inayotaka kupunguza watu inaweza kulivaa jina hilo kama inavyoweza kuvaa jingine lolote, na kiongozi akiulizwa kama kuna watakaotoka ajibu ndio au hapana, akizunguka zunguka watu washajua.

Wengine wanadhani ajaili ni haraka. Kipande cha kwanza hukiona mapema, kweli, lakini kazi nzima inaweza kuchukua muda ule ule, faida yake ni kwamba ukiwa unakosea unajua mwezi wa kwanza badala ya wa kumi na nane. Ati hakuna dedilaini: ipo, Idi haihami kwa sababu ya fundi, kinachobadilika ni idadi ya nguo. Ati ni ya watu wa kompyuta peke yao: nimeona kanbani ikifanya kazi jikoni kwa hoteli, na hapo wapishi hawakujua hata jina lake.

Ila kuna mahali haifai na lazima tuseme. Tazameni bandari mpya yetu kule Kililana. Mpango ni gati nyingi, zimejengwa tatu za mwanzo, na meli ya kwanza ilitia nanga Mei 2021. Kuna jamaa barazani akasema hapo hapo, basi hiyo nayo ni ajaili, wamejenga kidogo kidogo. Hapana. Hiyo ni awamu. Ukigawa kazi vipande lakini kila kipande ushakichora kabla, umegawa tu, hujageuka. Na kwa gati ni sawa kabisa iwe hivyo, huwezi kumwaga theluthi ya zege halafu ukaiuliza meli unaionaje. Nyumba ya mawe, mishahara ya mwisho wa mwezi, kipimo cha dawa, hivyo vina njia inayojulikana, fuata njia. Wenzetu wa Matondoni wanatengeneza vyombo bila mchoro wa karatasi, lakini msimwite fundi wa Matondoni ajaili pia, mchoro anao, uko kichwani kwake na kwa babake na kwa babu yake.

Kwa hiyo ofisi ikitaka kweli kugeuka isigeuze kila mtu siku moja. Chukua timu moja, yenye maumivu ambayo kila mtu anayajua, mfano wateja wanasubiri barua wiki tatu. Ipe miezi mitatu, ipunguzie masahihi, waache wengine waendelee na zao. John Kotter, huyu naye wa Harvard, kwenye hatua zake nane za mageuzi za mwaka 1996 aliweka kupata ushindi mdogo unaoonekana mapema, na mimi hilo nimeliona kwa macho, hakuna semina inayoshinda meneja wa idara nyingine akipita akauliza nyinyi barua zenu zinatokaje siku nne? Na kupima usihesabu vikaratasi wala stendapu, hata sisi wa grafu tulikuwa navyo. Uliza mara ya mwisho ambayo neno la mteja lilibadilisha mlichokuwa mnakifanya ilikuwa lini. Wakikuna kichwa, jibu umepata.

Binti ya shangazi nilimpa swali moja tu la kwenda nalo kwenye kikao chao cha Jumatatu: tukigundua katikati kwamba tulichopanga hakifai, nani ana ruhusa ya kusema tusimame? Akaliuliza, na sauti ilimtetemeka kidogo, kaniambia mwenyewe. Mkubwa akasema ni swali zuri sana na litajibiwa kwa maandishi. Jana nimemwuliza kama barua imetoka. Anasema ishaandikwa, inasubiri sahihi.